Hofu, Dua na Simu Zenu

Barabara ya Witu, hapa kwetu Lamu, imeanza tena kusemwa kwa kunong'ona kwa hofu ya mashambulizi, na maswali yenu yamejaa hofu. Nimeteua machache.

*Ustadhi, nisome dua gani niache kuogopa? (Msomaji, Langoni)*

Ayatul Kursiyyu, Al-Falaq na An-Nas, asubuhi na jioni. Hili nimeshalijibu mpaka nimechoka. Kama unasoma huku jicho liko kwenye simu, usiniulize tena.

*Nasafiri Mombasa. Kuna mtu aniuzia hirizi ya njiani kwa shilingi 3,000. Ninunue? (Mama, Mkomani)*

La. Waachie watoto unga, na mkiambiwa basi lingoje askari wa kulisindikiza, ngojeni. Mtume (s.a.w.) alimwambia mtu amfunge ngamia kwanza, ndipo ategemee. Na huyo muuzaji muulize mbona yeye hasafiri.

*Nimepokea ujumbe kuwa watu wenye silaha wameonekana msituni, na chini yake aya: tuma kwa watu 20 upate ulinzi. Nimetuma. Nimekosa? (Kijana, Mokowe)*

Umekosa, tena mara mbili. Surat Al-Hujurat, aya ya 6, yatuamrisha kuichunguza habari ya fasiki, mtu mwovu asiyeaminika, tusije tukadhuru watu kwa kutojua. Wewe hata aliyeandika humjui. Ujumbe kama huo ulipofika mtaani kwetu, muuza mahamri alizima jiko unga ukiwa umeshaumuka, akajifungia ndani na wanawe. Kumbe ni wa zamani, umebadilishwa siku tu. Aya haikuteremshwa iwe muhuri wa uvumi. Umeona jambo kwa macho yako? Mwambie chifu. Hukuona? Futa.

*Mimi ni Mkristo wa Mpeketoni. Jirani yangu Mwislamu ni mtu mwema, lakini hali ikichafuka namwogopa, hata kuomba nashindwa. (Baba wa watoto)*

Ahsante kwa kusema kweli. Juni 2014 waliuawa watu zaidi ya 60 hapo kwenu na vijiji vya jirani, sitakuambia usahau. Lakini Julai ile, ndani ya Ramadhani, kafyu ya saa kumi na mbili na nusu jioni ilitufungia sote: tarawehe tukaziswali majumbani, wavuvi wa usiku wakakaa na nyavu kavu. Soma Zaburi yako ya 91, kisha nenda kamjulie hali jirani yako mchana kweupe, umwambie unachoogopa. Huenda naye aogopa kukamatwa kila vurugu zikizuka, kwa kanzu yake tu. Na mwanasiasa ajaye kuwauliza asili yenu ni wapi, msimpe hata kiti.

*Wakati huu yafaa kuswali Isha nyumbani? (Matondoni)*

Yafaa, hofu ya kweli ni udhuru. Ila kama barazani wakaa hadi saa nne usiku, msikiti nao haujahama.