Jibu: Nakala ya Mtambo wa Marly, imechorwa kwa mkono au imechapwa?
Salaam ndugu. Umeuliza kama nakala yako ya mchoro wa Pierre-Denis Martin, mchoraji Mfaransa, unaoonyesha Mtambo wa Marly, mtambo wa kale wa kupandisha maji kwenye mto Seine huko Ufaransa, imechorwa kwa mkono kweli au imechapwa kisha ikapakwa gundi ya kuigiza michirizi ya brashi. Anza na anga: mulika tochi kutoka ubavuni, kisha tazama kwa kioo cha kukuzia. Vitone vilivyopangana ni uchapaji, na michirizi ya brashi isiyofuata mawingu, kama ile niliyouziwa mimi kwa bei ya aibu, ni gundi tupu. Halafu kagua matao ya mfereji wa Louveciennes kilimani, ambako mtambo huo uliokamilika 1684 ulipandisha maji ya bustani za mfalme Louis XIV. Mkono wa binadamu haurudii matao yote sawasawa.