Jibu: Kuacha king'amuzi cha kulipia

Dada, umeuliza kama waweza kurudisha king'amuzi cha kulipia ubaki na intaneti tu hapo Kisauni. Waweza, lakini usitegemee bando la simu: Netflix kwa picha ya HD hula hadi GB 3 kwa saa, litakufilisi. Weka waifai ya mwezi isiyo na kikomo. Kasi ya Mbps 5 (megabiti 5 kwa sekunde) yatosha televisheni moja. Watoto wakifungua YouTube chumbani, ongeza, la sivyo ni kile kiduara kuzunguka tu kwenye kioo. Taarifa ya habari usiilipie kabisa. Citizen na KBC hushikwa bure kwa antena, mradi televisheni iwe na DVB-T2 ndani, yaani kipokezi cha matangazo ya dijitali ya antena. Mtihani ni mpira wa Uingereza, huo ni mgumu kuupata bila king'amuzi cha kulipia. Baba watoto akiwa shabiki sugu, muulize kwanza.