Swali la lugha: chipu imelala, imesinzia au imezimwa?

Swali: Ninaandika mwongozo wa maikrokontrola (chipu ndogo inayoendesha kifaa kwa programu) kwa Kiswahili. Chipu inapopunguza matumizi ya umeme huku ikisubiri kazi, niseme imezimwa, imesinzia au imelala? Na inaporudi kazini, imeamka au imeamshwa?

Jibu: “Imezimwa” liondoe. Kilichozimwa hakisubiri chochote, ilhali chipu hii ina kipima muda kinachoendelea kuhesabu, au pini (mguu wa chipu unaopokea ishara) inayosubiri kitufe kibonyezwe. Sema “imelala”, na ushike sana hiyo -me-. “Chipu imelala” maana yake iko usingizini sasa hivi. “Chipu inalala” msomaji aweza kuielewa kwamba ndiyo kwanza inaingia usingizini, au kwamba ni kawaida yake kulala. Ukizichanganya, mwenye mita mkononi hatajua apime umeme wakati gani.

“Kusinzia” usilitupe, maana usingizi wa chipu si wa namna moja. Chukua maikrokontrola iitwayo ESP32. Ikiwa katika usingizi mwepesi hutumia kama miliampea 0.8, kumbukumbu yake haifutiki, na ikirudi huendelea na programu palepale ilipoishia. Hapo kusinzia kunafaa kabisa; ni ule usingizi wa mang’amung’amu. Katika usingizi mzito hushuka hadi maikroampea 10 hivi. Kumbukumbu kuu hukatiwa umeme, na programu huanza tena tangu mwanzo. Husalimika data chache tu zilizowekwa katika kumbukumbu ndogo inayobaki na umeme. Tofauti hiyo ni kubwa mno kuiachia neno moja “usingizi”. Andika “mzito” au “mwepesi” kila mara, hata ukiona unajirudia. “Usingizi wa kina” sikushauri, kwa kuwa “usingizi mzito” tunao tayari.

Ama kuamka na kuamshwa, yote mawili ni sahihi, lakini katika mwongozo napendelea “kuamshwa”, kwa sababu hukulazimisha umtaje mwamshaji: chipu huamshwa na kipima muda, huamshwa na ishara ya pini. Programu ikiilaza chipu bila kupanga kitakachoiamsha, chipu italala hadi ianzishwe upya kwa mkono. Na ndiyo, ni “kuilaza”. “Kuilalisha” inaeleweka, ila ni ndefu bila faida. Kwa hiyo sentensi yako iwe hivi: “Programu huilaza chipu katika usingizi mzito, na baada ya dakika 10 chipu huamshwa na kipima muda.”