Fundi kuwa msuluhishi wa kesi za magari mabovu: niliyoyaona Mombasa

Ndugu yangu, umeuliza kama fundi asiye wakili anaweza kuwa msuluhishi kati ya wanunuzi na wenye yadi za magari, na kama kuna riziki humo. Kuwa, unaweza. Sheria ya Usuluhishi ya Kenya ya mwaka 1995 haidai uwe wakili. Pande mbili zikikukubali, basi ni wewe. Riziki nitaijia.

Mimi nilikuwa mkaguzi wa magari ya bima, nikasomea kazi hii katika tawi la Kenya la Chartered Institute of Arbitrators, chama cha wasuluhishi. Masomo ya sheria hayakunitoa jasho. Kilichonitoa jasho ni kuandika uamuzi. Sisi watu wa spana tumezoea kusema "gasketi imeungua" tukaenda zetu. Uamuzi wa msuluhishi hutaka sababu, tarehe na sahihi, na mpatanishi na msuluhishi si mmoja: mpatanishi huwasaidia wakubaliane, msuluhishi huamua na uamuzi ukawafunga.

Kesi yangu ya kwanza ilikuwa ya gari la mtumba lililochemka kwenye foleni ya feri ya Likoni, siku ya tisa tangu linunuliwe. Mwenye yadi akasema mnunuzi alikuja na tochi ya simu, akamulika kila kona, akaridhika. Kabla ya yote niliwaandikia wote wawili kwamba niliwahi kuikagulia yadi ile magari mawili. Mombasa hii ndogo, shehe. Muuzaji atakuwa jamaa ya shemeji yako, au mnaswali safu moja. Usipolisema mwanzo, aliyeshindwa atalisema mwisho, tena mahakamani.

Basi gari likawashwa uani. Nililisikiliza, nikajiambia: gasketi ya silinda hedi, hapana jingine. Mkono ukaniwasha kufungua boneti. Nikaurudisha mfukoni. Nikiona kitu peke yangu na kuamua kwacho, nimegeuka shahidi ambaye hakuna wa kumhoji. Tukakubaliana fundi mwingine alifungue mbele yao wote. Na wallahi, gasketi ilikuwa nzima! Redieta ndiyo iliyokuwa imetiwa dawa ya kuziba tundu, dawa ikagandia njia za maji.

Sasa nani aliyeitia? Hapo ufundi wako hauna jibu. Mwenye yadi akamtupia lawama fundi wa mnunuzi. Nikaagiza kila upande ulete makaratasi yote ya matengenezo, na katika faili ya yadi yenyewe mkatoka risiti ya dawa ile, ya wiki mbili kabla ya mauzo. Ikabaki ile tochi. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa inasema mnunuzi aliyekagua hawezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi wake ungeifichua. Tochi haioni ndani ya redieta. Nikaamua yadi ilipe matengenezo. Kurudisha gari lote niliona kumezidi.

Riziki sasa. Umetaja Marekani, ambako majimbo yana sheria zinazoitwa za "limau", za kumlinda aliyeuziwa gari bovu, Connecticut ikiwa ya kwanza mwaka 1982, na mengine yana mipango ya usuluhishi kwa ajili ya kesi hizo. Zile hasa ni za magari mapya. Huku kwetu biashara ni mitumba ya Japani isiyozidi miaka minane, na hakuna foleni ya kesi inayokungoja. Madai yasiyozidi shilingi milioni moja huenda Mahakama ya Madai Madogo, inayotakiwa kumaliza ndani ya siku 60 bila mtu kukulipa wewe ada. Na usitegemee kifungu cha usuluhishi kilichochapwa nyuma ya mkataba wa yadi: Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya 2012 hairuhusu kifungu hicho kimzuie mnunuzi kwenda mahakamani. Wale wangu walikubaliana baada ya ugomvi kuzuka, wakagawana ada yangu nusu kwa nusu, na mmoja nilimfuata hadi Kongowea kuidai. Siku hizi nadai nusu kabla ya kikao. Karakana usiifunge.

Ukitaka kujipima kabla ya kulipia kozi, chukua gari ulilotengeneza wiki hii, andika ukurasa mmoja kana kwamba mwenye gari na aliyeliuza wanagombana mbele yako. Mpe shemeji asome. Akikuuliza "sasa nani ameshinda?", andika tena.