Kurefusha metro, kuitolea tawi au kujenga laini mpya? Anzeni kuangalia katikati ya mji

Wakuu, mleta mada ameuliza hivi: mji una laini mbili za metro (treni za abiria za mjini) zinazokatana katikati, pesa iliyopo inatosha kilomita kama 15 tu. Je, laini mojawapo irefushwe hadi vitongoji vipya, itolewe tawi, au ijengwe laini ya tatu? Wengi mmesema irefushwe, kwa sababu watu wa pembezoni ndio wanaoteseka. Kuteseka wanateseka kweli, sibishi. Ila mimi nimekaa miaka kadhaa kwenye chumba cha kuongozea treni kabla ya kuhamia upande wa ratiba, na msimamo wangu ni huu: laini iliyojaa hairefushwi mpaka katikati yake ipunguziwe mzigo.

Ukitazama ramani, unaona vituo vinne vimeongezwa mwisho wa laini na mambo mengine yamebaki vilevile. Sisi tuliokuwa mbele ya skrini tuliona kinyume chake. Abiria wapya wa mwisho wa laini karibu wote wanakwenda mjini, kwa hiyo treni inajaa mapema, na yule anayesubiri vituo vitatu kabla ya katikati anaiona inafika, milango inafunguka, na hana pa kuweka mguu.

Ngoja niwapeleke kwenye kituo cha makutano asubuhi watu wanapowahi kazini. Ratiba inaipa treni sekunde 30 za kusimama. Wanaoshuka wanagongana na wanaopanda, mmoja anasukumiza begi mlangoni, mlango unagoma, unafunguka upya, dereva anatangaza kwa mara ya pili. Sekunde 30 zimeshakuwa 50. Treni ya nyuma inasimama handakini, na ya nyuma yake nayo inapunguza mwendo. Sasa pigeni hesabu: kama treni zilikuwa zinafuatana kila sekunde 120, saa moja inapitisha treni 30. Zikianza kufuatana kila sekunde 140, zinapita 25. Treni tano zimepotea na hakuna aliyezifuta. Zimeliwa na milango ya kituo kimoja. Kisha mtu anakuja na mpango wa kuongeza abiria kwenye laini hiyohiyo!

Kuna mliosema mitambo mipya ya ishara, ile inayopanga umbali kati ya treni na treni, itamaliza tatizo. Inasaidia, na sana. Laini ya Victoria ya London inapitisha treni 36 kwa saa tangu 2017, yaani moja kila sekunde 100. Lakini laini ile haina tawi hata moja la abiria, treni zake zote ni za aina moja, na mwendo unaendeshwa na mitambo. Ukiigawa njia panda, faida kubwa inakwenda na maji, maana treni iliyochelewa kwenye tawi moja inaleta uchelewaji wake kwenye shina, yaani njia ya pamoja kabla ya kugawanyika, na hapo inamchelewesha hata yule ambaye hajawahi kufika kwenye tawi hilo.

Ndiyo maana tawi ndilo chaguo ninalolipinga zaidi. Treni 30 za shina zikigawanywa, kila upande unapata 15. Paris wanalijua hili kupitia Laini ya 13, inayogawanyika kwenye kituo cha La Fourche na ambayo kwa miaka mingi imesifika kwa msongamano. Dawa waliyoichagua ilikuwa kuipeleka Laini ya 14, ile isiyo na dereva iliyofunguliwa 1998, hadi Saint-Ouen mwishoni mwa 2020, ikayagusa matawi yote mawili ya Laini ya 13 na kuwabeba watu moja kwa moja hadi katikati ya mji. Hawakuiongezea tawi la tatu. Toronto nao wamevutana miaka mingi kuhusu kuirefusha laini ya Yonge kuelekea mji jirani wa Richmond Hill, na hoja ya wapinzani ilikuwa hiihii: kwanza ipatikane laini ya kuipunguzia mzigo. Laini ya Ontario, iliyotangazwa 2019, imepangwa kupita katikati ya mji na kutoa njia nyingine ya kufika huko.

Sisemi kurefusha ni kosa kila mahali. Laini ya Northern ya London ilipata vituo viwili vipya, Nine Elms na Battersea Power Station, Septemba 2021. Ile ilikuwa na mantiki, kwa sababu treni nyingi za upande wa Charing Cross, moja ya njia zake mbili za katikati ya mji, zilikuwa zinageuzia kituo cha Kennington zikiwa na nafasi. Nafasi ilikuwepo, wakaitumia. Kwa hiyo mleta mada, kabla ya kutuuliza tuchague, tafuta takwimu za kipande kilichojaa kuliko vyote katika saa ya msongamano. Kama treni zinapita hapo zikiwa na nafasi ya kutosha, basi endelea na kurefusha.

Laini ya mzunguko, ile inayouzunguka mji na kuunganisha laini nyingine, sitaizungumzia sana. Moscow wamekamilisha mzunguko wao mkubwa wa kilomita 70 mwaka 2023, lakini wana laini nyingi za kuunganisha. Ukiwa na mbili, mzunguko unaunganisha nini na nini?

Jambo linalosahaulika sana kwenye mijadala hii ni idadi ya treni. Kipande kipya kikichukua dakika 12 kwenda na 12 kurudi, na treni zinafuatana kila dakika mbili, mnahitaji treni 12 za ziada ili huduma ibaki kama ilivyokuwa jana. Zisiponunuliwa, treni zilezile zinatandazwa kwenye njia ndefu zaidi na kila mtu anasubiri zaidi. Zikinunuliwa, zinahitaji mahali pa kulala, kuoshwa na kukaguliwa, na karakana zilizojengwa kwa laini fupi huwa hazina hata njia moja ya akiba. Nimeshiriki vikao ambavyo kipande kipya kilikuwa na picha nzuri za vituo na bajeti ya karakana haikuwemo.

Kwa hali aliyoieleza mleta mada, mimi ningejenga laini ya tatu ipite katikati, ikutane na kila moja ya zile mbili kwenye kituo tofauti, ili watu wanaobadilisha treni wasirundikane sehemu moja. Watu wa pembezoni wapewe mabasi ya mara kwa mara yenye njia yao hadi kituo cha mwisho kilichopo, na ardhi ya kurefushia laini baadaye ipimwe na kutengwa mwaka huuhuu, kabla nyumba hazijajengwa juu yake na fidia kuzidi gharama ya reli.