Mbege ya Julai: usimwage nyalu siku ya tano

Ujumbe umeingia kutoka Kibosho, Kilimanjaro, kwa anayepika mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi; nyalu ni ndizi zilizochemshwa na maji zikaachwa zichache: "Shikamoo. Nyalu ina siku tano, povu hakuna, harufu hakuna. Nimwage?" Marahaba, mdogo wangu. Usimwage. Na sukari usitie, maana najua ndiko unakoelekea.

Desemba nyalu huwa tayari siku ya tatu au ya nne. Julai, ukungu ukilala mgombani mpaka saa tano asubuhi, hesabu siku saba au nane. Wajerumani baridi kwao ni neema: chachu ya lager hufanya kazi kwenye nyuzi 8 hadi 12 za Selsiasi. Ya kwetu hutaka 20 na zaidi. Baridi ikizidi inalala, haifi.

Kingine ni kwamba ndizi zikichemka kwa muda wa saa tatu au nne mpaka zigeuke nyekundu kama chai ya rangi, chachu yake yote imekufa. Inayochachusha ni ile iliyobaki mtungini na inayoingia kwa hewa. Wakati wa joto inatosha, Julai haitoshi. Kwa kilo 10 za ndizi mbivu zilizomenywa na lita 15 za maji, omba kwa jirani lita moja ya nyalu inayotoa povu. Imimine kwenye nyalu yako ikiwa vuguvugu: zamisha kidole safi, uhesabu mpaka kumi bila kukitoa. Ikikuunguza, utaua ulichoomba. Funika kwa kitambaa, zungushia gunia, weka jikoni hatua moja kutoka mafigani, ugeuze chombo asubuhi na jioni. Juu ya majivu ya moto usiweke, chini itaiva upya.

Sukari huongeza ukali, ladha ya ndizi ikapotea. Hamira huacha harufu ya mkate. Wanaoharakisha hivyo kwa ajili ya soko la Jumamosi, wateja wao huwajua Jumapili kwa kichwa.

Lakini wengi huharibikiwa kwenye kimea, yaani ulezi uliooteshwa na kukaushwa. Ulezi uloweke saa 24, ukibadilisha maji mara tatu, kisha uutandaze chini ya majani ya mgomba kwa unene wa vidole viwili. Msimu huu huota kwa siku nne au tano badala ya mbili au tatu. Geuza kila siku, la sivyo katikati hupata joto na kuoza. Kukausha ndiyo kazi: jua hakuna, na kimea kikikaa kibichi kinaota ukungu wa kijivu chenye harufu ya gunia lililolowa. Kianike kwa tabaka jembamba mkekani, usiku kipandishe darini juu ya jiko. Kikishaota ukungu, tupa. Sumukuvu, sumu ya ukungu huo, haiondoki kwa kuchemsha, na kuku usimpe.

Mso, uji wa kimea unaochanganywa na nyalu, hauna mengi: kilo 2 za unga wa kimea, lita 8 za maji, uji uive. Bakiza konzi mbili za unga, uzikoroge uji ukiwa umepoa kidogo lakini bado wa moto. Utauona unalegea mbele ya macho yako, kwa sababu kimea ambacho hakijachemshwa bado kina nguvu ya kugeuza wanga kuwa sukari. Gamba la mti wa msesewa, la kutia uchungu, huchemshwa humohumo, kipande kisichozidi kiganja. Anayetumia dawa za presha mpe mbege isiyo na msesewa, mti huo wenyewe unashusha presha.

Chuja nyalu, changanya na mso uliopoa kabisa, uache ulale. Desemba asubuhi inanyweka, sasa hivi ngoja mpaka mchana.

Ukiitia kwenye chupa za plastiki, mfuniko usikaze. Bado inatoa hewa. Ikikazwa chupa huvimba tako na kuanguka, na ukifungua nusu inaishia ukutani. Kwa mbege ya siku ya tatu hangaiko hilo halipo: imeshakuwa siki, ilowekee nyama ya mbuzi.