Pointi, meli na mama yako

Mwanangu,

Umeniuliza kama utumie zile pointi zetu za likizo tulizonunua Orlando, za kupatia nyumba ya mapumziko kila mwaka, kulipia safari yenu na mama yako kwa meli ya kitalii kwenda Nassau, Bahamas, mwezi wa Disemba, au utoe fedha taslimu. Kwanza nikukumbushe zilivyopatikana.

Unamkumbuka yule kijana muuzaji? Alituahidi dakika 90 tu, tumsikilize, kisha tupewe tiketi za bustani ya michezo bila malipo. Tuliingia saa tatu asubuhi, tukatoka saa nane. Kila nikikataa, analetwa mkubwa mwingine na bei mpya, mpaka nikatia saini kuzinunua kwa mkopo. Mama yako hakusema neno. Tulipoingia garini ndipo akaniuliza, "Bahari iko mbali na hapa?"

Ni mwendo wa saa moja, mwanangu. Mwanamke aliyekulia Shela, akifungua mlango anaona maji, alikuwa hajaigusa bahari tangu tuhamie Ohio. Nikamwambia tumechelewa, kesho tunarudi. Swali lile linaniuma hadi leo kuliko mkopo wenyewe.

Ndiyo maana sichoki kusema: kilicholipiwa si cha bure. Ada ya matunzo ya nyumba hizo, ya mwaka huu, nimelipa dola 1,100. Wewe unasema kampuni ikizichukua pointi zote itakupunguzia dola 600 za nauli ya meli. Kodi za bandari na bakshishi za wahudumu utazitoa mfukoni vilevile. Pointi hizohizo zingewapa wiki nzima kwenye nyumba ya vyumba viwili, na jiko lake. Kilicholipiwa si cha bure; mbona tukitupe kwa nusu bei?

Lakini wiki nzima hampati kazini, siku nne mnapata. Na mwaka ukiisha pointi hazijatumika, zinapotea. Dola 600 si sawa na sifuri. Hapo hesabu yangu mwenyewe inanisuta.

Nilishaandika "usithubutu", nikafuta. Amua na mumeo. Ila piga simu kwanza uulize kama pointi zinaweza kuhamishiwa mwaka ujao. Mikataba mingine inaruhusu, mradi uombe kabla ya tarehe yao. Uulize pia nauli ya fedha taslimu siku hiyohiyo, uzilinganishe.

Na chumba cha mama yako kiwe na dirisha la baharini, si kile cha ndani. Tofauti ya bei nitailipa mimi. Usimwambie bado.

Baba yako